Ng'ombe wa Kipaimara cha Heri

Soni,
Lushoto.
14 Desemba 2024

Mpendwa Dada Yudith,

Shikamoo dada yangu. Mimi mdogo wako Efrazia nakusalimu kutoka huku kwenye ukungu, tukiwa wazima sote isipokuwa tumbo langu, na sababu yake utaisoma. Goti lako je? Ile dawa ya kuchua niliyompa Janeth akuletee ilifika, au mwanao aliimalizia njiani? Na presha ya shemeji imeshuka? Nawaombea kila siku, nikifika kwenye goti lako nataja kabisa kwamba ni la kushoto.

Huku mvua imetupiga vizuri. Kabichi zimefunga, karoti ndiyo usiseme, ila madalali wanajifanya hawazitaki. Tuwaache.

Nimeona nikuandikie maana kwa simu vocha ingeisha kabla sijafika kwenye mapafu.

Unajua Yusta wangu yuko mwaka wa nne kule Morogoro, udaktari wa mifugo. Katika ukoo wetu mzima, nitajie mwingine. Mimi niliyeishia darasa la saba nimezaa daktari. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba udaktari huo unanuka. Fildi ya kwanza alikwenda kwenye ng'ombe wa maziwa, upande wa Irente. Nikadhani ni kuvaa koti jeupe na kuandika andika. Akarudi koti limekuwa la kijani mpaka begani. Kumuuliza, akanieleza huku anachovya ugali kwenye mchuzi kwamba ameingiza mkono ndani ya ng'ombe mpaka kwapani, anatoa kondo la nyuma lililooza siku tatu. Na anakula, dada. Mimi sikumaliza sahani yangu.

Fildi ya pili, ya mbuzi, akaniletea minyoo ya ini kwenye chupa ya jamu, akaiweka kabatini karibu na chumvi. Bapa, kama vijani vilivyolowa. Nilipopiga kelele akaniomba nisiimwage, ni ya mtihani.

Fildi ya mwisho ilikuwa ukaguzi wa nyama, chini ya mkaguzi mmoja anaitwa Bwana Alen, mtu wa Singida. Mwanafunzi ana kitabu, na mkaguzi asipokisaini, anarudia mwaka mzima. Yusta alinieleza hilo mara kumi, nami mara kumi nikaitikia bila kusikia.

Sasa kikaja kipaimara cha Heri wetu, mdogo wake Yusta. Baba Yusta akashuka nyika, akanunua mnadani ng'ombe mwekundu, mrefu, wa kuwafunga watu midomo. Nikatangaza kanisani, nikatangaza sokoni, kwamba nyama ya kwangu itapigwa muhuri na mwanangu mwenyewe. Yule ng'ombe alikohoa tangu alipoteremshwa kwenye gari. Sikushtuka. Wewe umekulia huku, unajua tulivyozoea: ng'ombe wa nyika akipanda kwenye baridi hukohoa, basi unamfunika gunia. Nikamfunika gunia.

Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya sherehe, jirani yetu Mzee Idrisa akaja kumchinja, ili na majirani Waislamu waweze kula. Yusta akafika na Bwana Alen. Huyu Bwana Alen akageuza ndoo, akaikalia, akasema leo atakagua mwanafunzi, yeye anatazama tu. Nikawaita akina mama waliokuwa wanamenya ndizi waje wamwone daktari wangu.

Afadhali ningewaacha na ndizi zao. Mapafu yalikuwa na mavimbe yamesongamana kama viazi kwenye gunia. Yusta akapitisha kisu, kisu kikakwaruza kama kinakata mchanga, ukatoka uchafu wa njano, mzito, kama maziwa yaliyoganda yakasahaulika. Ndani ya mbavu vimejipanga vinundu kama shanga. Ini vilevile. Akasema ni kifua kikuu cha ng'ombe na kimeenea mwili mzima. Mama mmoja akatapikia kwenye beseni la ndizi.

Utadhani nilinyamaza. Sikunyamaza. Niliwaza wageni wote wale na mdomo wangu ulivyotangaza. Nikamsogelea nikamwambia kwa Kishambaa, ili Bwana Alen asielewe, kwamba mapafu na ini tutupe, lakini mapaja yanang'aa, ayapitishe, anayemwomba ni mama yake mzazi. Na shemeji yangu Kornelio, ndugu yake Baba Yusta, akadakia kwamba ikichemka sana hakuna mdudu atakayebaki, kwani sisi tumekula mangapi na tuko hai.

Yusta akanijibu kwa Kiswahili, kila mtu akasikia. "Mama, ng'ombe huyu anazikwa mzima. Na mapaja yake."

Nikamwambia ananivua nguo mbele za watu. Akalishika lile paja nililokuwa nalisifia, akalipasua nyuma ya goti, akachomoa tezi kubwa kama yai, akaikata mbele ya pua yangu. Uchafu uleule, dada. Chini ya mafuta meupe yale mazuri.

"Kipande cha kwanza anapewa Heri," akasema. "Nikate wapi?"

Nilikimbilia nyuma ya banda. Nilipomaliza kutapika nikainua kichwa, nikamwona Kornelio anaburuta paja la pili kuelekea migombani, kalifunika majani. Kinyaa changu chote kikamhamia yeye. "Weka chini, shemeji," nikamwambia. "Hiyo si nyama, ni usaha wenye mfupa." Akaanza kunung'unika kwamba nafuata akili za mtoto. Nikamnyang'anya, nikaliburuta mwenyewe mpaka shimoni, nikalimwagia mafuta ya taa mwenyewe. Khanga niliyoivaa siku ile nimeichoma moto.

Jumapili watu wakala makande. Mchungaji na wasimamizi wa Heri niliwachinjia kuku. Wanawake wakanicheka mpaka jioni, ati Mama Yusta, daktari wako katunyima pilau. Wacheke. Mimi nyama mpaka leo siigusi, hata mchuzi wake ukipita jirani nafunga dirisha.

Lakini hilo silo lililonikondesha. Siku ile ya shimo, Bwana Alen alipomaliza kunawa mikono, aliniaga kwa Kishambaa kilichonyooka. Kumbe ana miaka saba huku, anasikia kila neno. Nikajua nimemfelisha mwanangu kwa mdomo wangu huu huu uliokuwa unamsifu. Siku tano nikawa namkwepa Yusta ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mpaka Alhamisi alipokwenda kuchukua kitabu chake.

Kimesainiwa. Nimekwenda kutoa fotokopi ya ukurasa huo, nimeiweka ndani ya bahasha hii, uifungue taratibu isichanike. Waonyeshe wote, hasa yule jirani yako anayetupigia kelele za mwanawe mhasibu. Wasome mstari wa chini, Bwana Alen kauandika kwa mkono wake: mwanafunzi alishinikizwa na mwenye ng'ombe apitishe nyama, akakataa. Jina la mwenye ng'ombe hakuliandika. Wakikuuliza ni nani, usinifiche. Waambie ni mama yake.

Nisalimie sana shemeji, Janeth na wajukuu. Baba Yusta anakusalimu, Heri na Yusta wanakupa shikamoo. Mungu akunyooshee goti hilo, ailinde nyumba yako na kila kinachoingia katika sufuria yako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye vilevile kama zamani,

Efrazia
(Mama Yusta)