Anwani Fupi za Kaka Idrisa

Kaka yangu Idrisa,

Leo wameizima ile kompyuta yetu. Wameleta nyingine, kubwa zaidi, na tangu asubuhi nimekaa natoboa matundu kwenye kadi zinazoipa maagizo. Nilitegemea nitaumia. Sikuhisi kitu. Nimeona nikuandikie tu, ingawa ulipo barua haifiki.

Unaukumbuka mwaka wa njaa. Sisi watoto wa Tabora tulikuwa Dar es Salaam, chumba kimoja cha kazi: wewe ukiandika programu, mimi nikitoboa kadi zake. Programu yako ndiyo iliyopanga mabehewa ya mahindi kwenye Reli ya Kati. Siku moja ikagoma. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa imejaa. Mkuu wetu akaja akasimama nyuma yako.

"Mashine nyingine hatupati," alisema. "Punguza stesheni. Bakiza zile kubwa."

"Na Kigwa?" uliuliza.

"Wa Kigwa watafuata mahindi Tabora."

Mama alikuwa Kigwa, na miguu yake unaijua, Tabora asingefika. Uliomba likizo, tukapanda treni.

Nyumba yake hatukuikuta. Zilibaki kuta bila paa. Watu wote walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, kila mlango na namba yake. Tulimkuta amekaa nje, amekonda, khanga imemzunguka mara mbili.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, wanangu. Mmenipataje?"

"Tumeambiwa uko kumi na saba," ulisema.

"Ndivyo wanavyoniita siku hizi. Kumi na saba, basi. Hata kijiji hawakitaji."

"Kwa nini hawakitaji?"

"Wakitaje cha nini, nasi sote tumo humu humu?"

Ukaanza kuhesabu milango kuanzia wa kwanza, mpaka mama akaniuliza kama unaumwa.

Ndani ya treni ya kurudi ndipo nilipoelewa. Ulinieleza kwamba katika programu kila behewa lilibeba anwani, yaani namba ya mahali lilipoandikwa behewa linalolifuata, nayo ilikuwa anwani ndefu, inayohesabiwa tangu mwanzo wa kumbukumbu yote.

"Nafasi inaliwa na anwani, Mwajuma, siyo na mabehewa. Na mabehewa yote nimeyaweka sehemu moja. Nikishajua sehemu hiyo inaanzia wapi, naandika umbali tu kutoka pale. Namba fupi, kama kumi na saba ya mama. Mashine itajumlisha yenyewe ikitaka kufika."

"Haitachelewa?"

"Itachelewa kidogo. Afadhali ichelewe mashine."

Ulibadilisha programu yote, nami nikatoboa kadi upya. Jaribio la kwanza mashine ilichapa takataka, kwa sababu kuna mahali ulisahau kujumlisha ule mwanzo. Ukapatafuta, ukapapata, nikatoboa tena. Programu ilipotafsiriwa kuwa lugha ya mashine, ikaenea, na nafasi ikabaki. Stesheni zote zikaingia. Mahindi yakashuka Kigwa, yale ya njano ya msaada ambayo watu hawakuyazoea. Mkuu akasema, "Vizuri," akaenda kunywa chai.

Kisha figo zikakuangusha. Tulikuzika kule kule kijiji kipya, na baba mdogo akaniuliza, "Hivi marehemu alikuwa akifanya kazi gani hasa?" Nikasema ulikuwa karani. Akaitikia, akachukua jembe. Nilikuwa sina nguvu ya kueleza. Nilipika na wenzangu, nikaosha masufuria, nikapanda treni. Tangu siku ile niko hivi hivi. Nakula, nalala, naenda kazini.

Leo mkuu mpya amesema kumbukumbu sasa ni kubwa, hakuna haja ya kufupisha anwani. Nimetia kadi zako kwenye gunia, zikachukuliwa. Nikarudi kutoboa kadi mpya.

Ila jambo moja nililifanya. Likizo iliyopita nilikaa na mama, nikamweleza yote, polepole, mpaka akaelewa: mkuu alitaka kuiacha Kigwa, wewe ukakataa.

"Yale mahindi ya njano?" aliuliza. "Ndiye yeye aliyeyaleta?"

"Ndiye yeye, mama."

Aliweka ungo wake chini.

"Niliyasema vibaya sana yale mahindi," alisema. "Kila alipokuja kunisalimia. Na yeye ananisikiliza, anacheka tu."

Akaingia ndani. Nilimsikia akilia. Nilibaki pale nje, nikakunja nguo zilizokauka, nikamngoja atoke.

Lala salama, kaka.

Mdogo wako,
Mwajuma