Mondher Bado Anasubiri Jibu

Ghassen mwanangu,

Kuskusi iko jikoni, ipashe moto. Dada yako Rim asitoke bila kula.

Ile programu uliyoniwekea kwenye simu, inayonisomea jumbe zangu zote, leo asubuhi niliiuliza ni nani bado anasubiri jibu langu. Nilidhani itamtaja shangazi yako, yule mwenye maneno mengi. Ikasema: "Mondher, mumeo, tangu Februari. Aliandika: Kifua kinanibana, niko kituo cha mabasi, njoo unichukue."

Siku ile nilikuwa nimemnunia baba yako, nikazima simu. Nilipoiwasha ilikuwa imejaa rambirambi, ujumbe wake ukafunikwa humo. Miezi minane nawaambia watu alikufa ghafla, hakumwita mtu.

Halafu ikaniuliza kwa upole: "Nikuandikie jibu?"

~~Ifute hiyo programu nikirudi nisiikute.~~ Usiifute. Wala usinicheke, nakujua wewe.

Naenda kituoni, nikae kidogo pale alipokaa. Rim usimwambie. Jibu nimeliandika mwenyewe, kwa vidole vyangu: "Nakuja, Mondher."

Mama yako