Vigingi Ulivyoving'oa Mwenyewe

Baba yangu uliyebaki Buhinyuza,

Mwezi uliopita, nikiwa nyumbani, mtaa wa Yoba hapa Gitega, nilitazama kwenye simu filamu fupi ya mnyama wa nchi za baridi anayeitwa biva. Ana meno ya panya na mkia bapa kama mwiko. Anakata miti, anaburuta matawi mpaka mtoni, anayashindilia tope, na maji yanapunguza mbio. Yakitulia, udongo unatuama, maji yanatambaa pembeni na kunywewa na ardhi, na kiangazi kikija kijito bado kinatiririka. Wataalamu wanaotibu mito iliyochimbika sasa wanamuiga: wanapigilia vigingi na kusuka matawi kati yake. Nilizima simu. Nilikuona wewe, suruali umeikunja hadi magotini.

Kazi hiyo uliijulia Tanzania, ukimbizini, na tuliporudi kwetu Buhinyuza, mkoani Muyinga, ukaianza upya kwenye kijito chini ya shamba letu. Vigingi, matawi, majani ya migomba, tope. Nilikucheka.

"Baba, bwawa lako linavuja."

"Linatakiwa livuje, mama," ulinijibu. "Maji nataka yapite, ila yaage kwanza."

Kisha nikaenda kusomea kilimo Gitega, nikarudi na cheti na mdomo mrefu. Jumamosi moja ya kazi za jamii, kilima kizima, yaani kijiji chote, kimekuja na majembe, nilisema mbele za watu kwamba vijiti vyako vinalowesha maharage ya majirani. Ving'olewe, kijito kinyooshwe kiwe mfereji. Mkuu wa kilima akakutazama. Ungeweza kukataa, shamba lilikuwa lako. Ukasema, "Binti yangu amesoma. Mfuateni." Ukashika kigingi cha kwanza, ukaking'oa mwenyewe.

Mfereji ulinyooka kweli, nami nikatembea kifua mbele. Misimu miwili tu ya mvua, ukachimbika hadi kimo cha mtu. Bondeni, tulipokuwa tukilima maharage ya kiangazi, ardhi ikapasuka. Mama akaanza kufuata maji mbali. Afadhali ungenigombeza, baba. Ulikufa nikiwa bado najifanya sijui kosa ni la nani.

Ni langu. Naandika waziwazi ili na majirani walionisikiliza siku ile wasome.

Baada ya ile filamu nilishuka Buhinyuza na mzigo wa vigingi. Nikapigilia, nikasuka matawi kama nilivyoona. Mvua ya kwanza ikavibeba vyote. Juzi nimerudia. Nilikuwa ndani ya mfereji, tawi mkononi, sijui shina lielekee maji yanakotoka au yanakokwenda, nikageuka kukuuliza.

Hapo ndipo nilipokulilia, baba, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Lala salama. Nisamehe.

Binti yako uliyewaambia watu wamfuate