Faili Lililokosa wa Kulipokea

Chizuru mjukuu wangu,

Figili nimeanika mwenyewe, usiniulize habari za mgongo. Duka limefungwa, basi la abiria nalo limeondolewa, watu wamekwisha.

Jana bwana wa halmashauri kaleta faili la matangazo, lile tunalopitishiana nyumba kwa nyumba. Linasema theluji ikianguka barabara yetu haitasafishwa, walipa kodi hawatoshi, kwa hiyo nihamie mjini.

"Bibi, huku umebaki peke yako."

"Kwani mimi kipofu?" nikamjibu.

Alipoondoka nikaligonga muhuri wangu kuonyesha nimelisoma, nikampelekea jirani Otsune. Nikapiga hodi weee, ndipo nikakumbuka tulimzika mwezi wa tisa.

Mimi siombi kuchukuliwa. Ila ukija kabla ya theluji ukasema, "Bibi, twende," sitabisha sana.

Bibi yako,
Kiyono