Raimundi Anafurahia Nini?

Jumatano, 1 Machi 1995

Majivu leo. Nimepakwa, nimerudi nyumbani, hakuna wa kuniambia nijifute au nisijifute. Siku ya kumi na moja tangu mke wangu Yuliana aende kwao ziwani pamoja na mtoto wetu Otilia. Hakupiga kelele. Alisema amechoka kuishi na ukuta, na kwamba nikishakuwa mtu tena nimpelekee habari.

Ngoro, mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, nimemaliza upande wangu. Nimefyeka majani kwa nyengo, ule mundu wetu, nimeyalaza miraba miraba mteremko mzima. Kumwaga maharage na kuyafukia majani kwa udongo ni kazi ya mwanamke — ndivyo ilivyo kwetu Umatengo. Mwanamke hayupo. Majani yanakauka, na mvua haina habari na mambo yangu.

Ng'ambo ya kijito, Raimundi anafukia mwenyewe. Mgane, mwaka wa tatu sasa. Jembe mkononi, anaimba. Wanawake wakipita wanamcheka, naye anacheka nao. Ana nini huyu mtu?

Ijumaa, 3 Machi

Miaka kumi na mbili nilikuwa karani wa kupokea kahawa, mpaka wanunuzi binafsi walipoingia na ghala letu likafungwa. Kazi yangu ilikuwa kung'ata punje na kusema: hii imekauka kweli, hii imekauka juu tu. Basi nimeamua kumpima Raimundi kwa namna hiyo hiyo.

Pombe? Nimekwenda asubuhi kujifanya naomba moto, nikamsogelea. Ananuka moshi tu. Mwanamke? Kijiji hiki kingekwisha kujua kabla yake. Mali? Bati lake linavuja kuliko langu. Sababu sijaiona. Inaniudhi kidogo.

Jumapili, 5 Machi

Baada ya misa nikamuuliza waziwazi. Kaka Raimundi, unafurahia nini? Nilitegemea aseme Yesu, kama wasemavyo wote, uchunguzi uishe, nikapike.

Akasema kila Alhamisi yeye hulia. Mkewe alizikwa Alhamisi. Analia mpaka anamaliza, halafu anamshukuru Mungu kwa miaka kumi na tisa waliyokaa pamoja, halafu anachukua jembe.

Mtu wa furaha mwenye siku yake ya kulia! Hilo sikulitegemea. Mimi sijalia tangu ghala lifungwe, na furaha sina hata ya kuazima.

Jumanne, 7 Machi

Kanikaribisha kusali naye kabla ya shamba. Nilidhani ni rozari. Ilikuwa rozari, lakini katikati alisimama akaanza kuongea kama na mtu aliyekaa kwenye kigoda cha pili. Akamweleza Mungu kuwa mbegu zimeingia wadudu. Akamweleza habari za goti. Kisha — Bwana, Protasi yuko hapa, amekuja kunichungulia, umpe anachokitafuta maana mimi sijui nimpeje.

Niliona aibu mpaka masikioni. Na nilitaka kucheka. Vyote kwa pamoja.

Jumamosi, 11 Machi

Siku nne nimejaribu peke yangu. Kigoda nimeweka. Nikaongea. Hakuna kitu, naongea na kigoda.

Nikampelekea Raimundi malalamiko. Akauliza nilisema nini. Nikajibu nilimwomba Mungu anirudishie Yuliana. Akasema hilo ni agizo, kama la dukani. Je, nilimwambia nilichomtendea Yuliana?

Nikamwambia sikumtendea kitu. Sijampiga hata siku moja. Akarudi kwenye maharage yake. Nimetoka pale nimekasirika, na bado nimekasirika.

Jumatatu, 13 Machi

Siwezi kulala mchana, siwezi kula. Naandika, basi. Daftari hili ni la kupokelea kahawa, halijapata kupokea jambo kama hili.

Ghala lilipofungwa nilinyamaza. Miezi tisa. Yuliana akiniuliza jambo, natazama mlango. Yeye hakukaa kulia. Akaagiza gunia la usipa kwa mama yake ziwani, akasema ataanza kuuza sokoni Mbinga, siku hizi kila mtu anauza. Mke wa karani, na beseni la dagaa kichwani! Nikabeba gunia, nikalimwaga uani kwenye matope, mvua inanyesha.

Akapiga magoti akaanza kuokota. Wadogo wale, mmoja mmoja. Otilia akamsaidia. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama mpaka wakamaliza.

Ndicho nilichomtendea.

Jumanne, 14 Machi

Nimemwambia Mungu jana jioni. Yote, pamoja na kusimama mlangoni. Sikuomba kitu. Nililia vibaya, kama mtoto, kamasi na kila kitu, nikamwambia nimemkosea yule mwanamke na nimekukosea wewe uliyenipa.

Halafu ikaja — sijui niiiteje. Utulivu, lakini si wa kuchoka. Kama vile nimejulikana mpaka chini na bado sikufukuzwa. Nikapika ugali, mboga sina, nikala na chumvi. Ulikuwa mtamu. Nikasimama na tonge mkononi nikijiuliza utamu umetoka wapi.

Siiamini sana. Kahawa ya siku moja juani inaweza kukudanganya. Nitaiangalia kesho.

Alhamisi, 16 Machi

Bado ipo. Asubuhi ilikuwa ndogo, nikadhani imekwenda, nikasali, nikaikuta.

Nimechukua jembe la Yuliana. Maharage juu ya majani, udongo unachimbwa katikati ya mraba na kutupwa juu yake. Kwa macho ni rahisi. Kufika saa nne mgongo umekufa na matuta yangu yamepinda. Mwanamke huyu amefanya hivi miaka minane na jioni akanipikia, nami nikatazama mlango.

Wanawake wa jumuiya wakapita na mitungi. Mmoja akaniamkia kwa heshima zote: shikamoo, Mama Otilia. Nikaitikia marahaba. Wakacheka, nami nikacheka — na kicheko kilitoka mbali sana ndani, hata mimi kilinishtua.

Raimundi alikuwa anafukia ng'ambo, macho mekundu. Alhamisi. Akanipungia mkono.

Jumapili, 26 Machi

Shamba limekwisha. Maharage ya kwanza yametoa masikio mawili mawili. Jana nimeungama. Padri hakushangaa kama nilivyodhani, akanipa malipizi na kuniuliza kama mwenyewe nimekwisha kumwambia mke wangu.

Raimundi naye anasema niende ziwani. Lakini nisiende kumchukua, niende kumwambia. Kuna tofauti, alisema, na yeye Yuliana ataijua kabla sijafungua mdomo.

Sasa nina swali ambalo sijamuuliza mtu. Yuliana akikataa, je, hii furaha itabaki? Kama itakwenda, basi haikuwa ya Mungu hata kidogo, ilikuwa tamaa ya kurudishiwa mke. Nataka kujua. Na naogopa kujua kuliko nilivyowahi kuogopa kitu.

Jumanne, 28 Machi

Mbamba Bay. Lori lilikwama kwenye tope mara tatu, tulisukuma. Nimelala kwa binamu wa Raimundi. Kesho mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Nimejifunza maneno ya kusema. Nimeyasahau. Nimejifunza tena.

Jumatano, 29 Machi

Naandika nimekaa kwenye mkeka nje ya nyumba ya wakwe.

Otilia aliniona wa kwanza. Akaja mbio, katikati ya njia akasimama, akageuka kuusoma uso wa mama yake. Mtoto wa miaka saba. Nimemfundisha mimi hilo.

Yuliana alikuwa anaanika usipa kwenye chanja. Mama mkwe, Mama Albina, nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ndogo akabaki palepale, hakutaka kukosa neno. Maneno niliyojifunza yakapotea. Nikasema hivi tu: gunia nililimwaga kwa sababu wewe ulikuwa unaweza kuanza na mimi nilikuwa siwezi. Na mlangoni nilisimama makusudi. Nimekukosea, Mama Otilia. Shamba nimelifukia, lakini sikuja kukudai kitu kwa hilo.

Akauliza nani alifukia. Nikamwambia mimi. Akanitazama mikono. Hakutabasamu. Akasema, "Nimekusikia, Baba Otilia. Siwezi kukujibu hivi hivi nimesimama." Akaingia ndani, mama yake nyuma yake.

Ni muda sasa. Nasikia sauti zao, maneno siyapati. Mara moja nimesikia kulia, sijui ni nani. Ziwa limetulia, watu wanavua, mimi nang'ata punje yangu. Naogopa, mwandiko huu ni shahidi. Lakini ipo. Chini ya woga, ipo, na haijauliza mle ndani wanasema nini.

Otilia ametoka sasa hivi. Kasimama pembeni ya mkeka.

"Baba, mama anauliza, unalala hapa au unarudi leo?"

Nimemwambia arudi akamuulize mama anapenda iwe vipi.

Ameingia. Bado hajatoka.