Sponji Ukutani

Kaka yangu,

Salamu zako nimezipata, lakini salamu hazizibi ukuta. Shemeji yako anadai kikohozi cha mama kinamnyima usingizi, basi nyumba ameigeuza maabara. Anaegemeza kitu kwenye ukuta unaotutenga na chumba cha mama, anawasha saa ya kengele chumbani kwetu, kisha anapaza sauti: “Mama, unasikia?” Blanketi, mama anasikia. Trei za mayai, anasikia. Mbao ndiyo kabisa! Na mbebaji wa makorokoro yote hayo ni mimi.

Jana akaweka sponji nene ya godoro. Kimya. Mara mama akatokea mlangoni. “Mbona kengele hailii?”

“Imefaulu!” Shemeji yako akaruka kama mtoto.

“Hongera, mkwe wangu,” mama akasema. “Ungeiweka mwezi uliopita, nisingewasikia mkibishana na mwanangu wa kiume kwenye simu nani anichukue.”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa mama amehamia sebuleni na mkoba wake, anakohoa. Shemeji yako bado anapigilia sponji kwenye ukuta wa chumba kisicho na mtu.

Njoo mwenyewe, kaka. Simu usipige. Mama anasikia.

Ni mimi dada yako, niliyechoka.