Hukubonyeza Vibaya, Baba

Shikamoo baba,

Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila salamu. Nakuandikia kuhusu ile kalkuleta, na naandika wazi ili hata uliofanya nao kazi wasome, maana nao walikuwapo siku niliyokuaibisha.

Mjomba aliileta enzi za ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu: kalkuleta ya kuwekewa programu, kioo chake hakizidi upana wa kidole. Wewe ulikuwa umepima viwanja miaka mingi kwa mnyororo na kitabu cha majedwali kilichokwisha kuachia jalada. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo cha ufundi, nimejaa masomo na kiburi. Nikakwambia, "Nipe siku mbili, baba. Utaingiza vipimo vya kona tu, yenyewe itakupa eneo la kiwanja."

Tulikaa barazani pale Tegeta, mimi nabonyeza, wewe unanisomea hatua kutoka kwenye daftari langu, kidole chini ya mstari. "Haya, mama," ulisema kila ukimaliza hatua. Nilipewa jina la mama yako, na kwa heshima ya jina hilo hukuwahi kunikemea hata siku moja. Tukajaribu kiwanja chetu wenyewe. Jibu likalingana na la kwenye hati, ukacheka mpaka miwani ikashuka.

Wiki iliyofuata ulirudi kutoka Bunju umenuna. "Mama, kiwanja cha kwanza kinatoka sawasawa. Cha pili kinakuwa kikubwa mno. Cha tatu ndo usiseme!"

Ulikuwa umeniambia kila kitu nilichohitaji kujua. Mimi nikaichukua, nikafuta kumbukumbu yake kama nilivyozoea kila ninapoanza, nikapiga hesabu ya kiwanja kimoja, ikatoka sawa. "Nzima hii," nikakwambia.

Uliporudi na malalamiko yaleyale, nikafuatana nawe Bunju. Vijana wako wa mnyororo walikuwapo, na wenye viwanja wakisubiri juani. Ulibonyeza mbele yangu, kiwanja cha pili kikatoka cha ajabu. Nikakunyang'anya, nikafuta, nikapiga mwenyewe, jibu likanyooka. "Unabonyeza vibaya, baba! Vidole vyako vizito." Mtu mmoja akacheka. Wewe ukasema tu, "Haya mama, nimesikia," ukafungua kitabu chako cha majedwali.

Haikupita miezi mitatu ukaomba kuhamishiwa masijala. Ulisema nyumbani kwamba mikono haikutii tena. Wewe uliyekuwa ukirudi na magugu kwenye soksi huku unasimulia ulivyoipata bikoni ya mpaka iliyofukiwa, sasa ulikuwa unapanga mafaili.

Kosa niliwahi kuliona, baba. Likizo iliyofuata nilikuwa napitia daftari, nikaona programu inajumlisha, lakini hakuna hatua ya kufuta jumla ya zamani kabla ya kuanza kiwanja kipya. Eneo la kiwanja cha kwanza lilibaki ndani, la pili likaongezwa juu yake. Mimi nilikuwa nafuta kwa mazoea ya mkono, wala sikukumbuka kukwambia nawe ufute. Ilikuwa hatua moja tu. Nikaiongeza, nikakurudishia kalkuleta, nikanyamaza.

Ukatoa mafaili ya zamani, ukajaribu viwanja vitano mfululizo, vyote vikatoka sawa. Nilidhani utauliza nimefanya nini. Badala yake ukanitazama kwa furaha, "Kumbe ulisema kweli, mama. Nilikuwa nabonyeza vibaya. Leo nimekwenda polepole."

Nikajibu, "Ndiyo, baba."

Nimefikiria jibu lile kuliko neno lolote nililowahi kukwambia. Nilikuja kila sikukuu, tukala pamoja, tukataniana, na kila mara nilijiambia nitasema kesho. Niliogopa kushuka machoni pako. Wewe ulikuwa umekwisha kushuka machoni pako mwenyewe, nami nilikuwa nakuona.

Sasa mimi ndiye nafundisha wanafunzi. Wakinilalamikia kwamba hesabu imekataa, nawasikiliza kwanza mpaka mwisho. Wananisifu kwa uvumilivu. Sijawaambia nani alilipia somo hilo.

Mikono yako ilikuwa mizima, baba. Ungeweza kuendelea kupima mpaka siku ya kustaafu. Nililijua hilo ukiwa hai, ukiwa umekaa mbele yangu, na sikukwambia.

Nisamehe. Mungu akulaze pema.

Binti yako